Muhuri wa Dhahabu kwenye Kitabu cha Mbuzi

Jumamosi, alasiri. Kamembe. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika ghafla, na sasa ziwa lina rangi ya maji yaliyooshewa masufuria. Nimekuja kuandika hapa kwenye duka la mtandao, ingawa mashine ni za zamani na herufi mbili zimefutika, kwa sababu nyumbani kumetulia mno.

Sipendi utulivu wa leo.

Wanaopitia ukurasa huu wamezoea kukuta hapa, kila Jumamosi, maelezo ya kitabu kimoja cha picha kilichopata tuzo: kinahusu nini, kishikwe vipi mbele ya watoto wadogo, msomaji anyamaze wapi. Leo pia nitaeleza kitabu kimoja. Ila siwezi kukieleza bila kumtaja mtoto aliyenionyesha namna ya kukisoma, na mtoto huyo ameondoka asubuhi hii.

Nianze na kitabu. Kitabu ni rahisi zaidi.

Ni kitabu cha mbuzi aliyepanda juu ya paa la nyumba akakataa kushuka. Ukurasa wa kwanza yuko uani, mwenye nyumba amemwekea mkono shingoni, wote wawili wametulia. Ukurasa wa pili yuko juu ya paa. Hatuambiwi kwa nini. Mwenye nyumba anamwita, majirani wanamwita. Wanaleta ngazi, wanaleta kamba, wanaleta mpiga ngoma. Mbuzi anatazama upande mwingine. Jua linazama, watu wanachoka, wanakwenda kulala. Ukurasa wa mwisho hauna neno hata moja: paa ni tupu, ni giza, na mbuzi amesimama uani peke yake akitutazama sisi.

Kwisha.

Juu ya jalada kuna muhuri wa duara wa rangi ya dhahabu, wenye maandishi kuzunguka ukingo wake. Kitabu hicho kilikuwa ndani ya sanduku ambalo sista mmoja wa parokia aliniletea baada ya mimi kustaafu, na karibu vitabu vyote vya sanduku lile vilikuwa na mihuri ya namna hiyo, mingine ya dhahabu, mingine ya fedha. Sista alinieleza kwamba huko vinakotoka, watu wanaojua vitabu huketi pamoja, hulinganisha vitabu vya picha vya watoto, na vile vilivyo bora hupigwa muhuri.

Nakiri kwamba nilikasirika. Mimi nilifundishwa Bukavu na watawa waliokuwa wakiona sentensi isiyo na kitenzi kama mtu aliyetoka nje bila nguo. Nimefundisha hivyohivyo maisha yangu yote, kwanza hukohuko ng'ambo tulikokulia ukimbizini, kisha hapa tuliporudi. Nilipofungua kitabu cha mbuzi nilidhani kurasa zimenyofoka. Tuzo, kwa maneno yanayoweza kuandikwa yote kwenye kiganja cha mkono?

Lakini watoto wa mtaa walikuwa wameanza kuja barazani kwangu kila Jumamosi, na watoto hawakutafuta vitenzi. Waliona ule muhuri kwanza.

"Kashe!"

Hapa kwetu hakuna mtoto asiyeijua kashe. Mama zao huvuka daraja la mpakani kwenda Bukavu wakiwa na nyanya, mayai na vitenge, na asiye na karatasi iliyopigwa muhuri hurudishwa. Kwa hiyo wakaamua wenyewe kwamba vitabu vyenye kashe ni vile vinavyoruhusiwa kuvuka. Wakavipanga vitabu visivyo na muhuri kwenye ukingo wa mkeka, mmoja wao akajifanya afisa, akawa anavifokea: "Weye, kashe yako iko wapi? Rudia kwenu!" Nilijaribu kuwaeleza kwamba tuzo si hati ya kusafiria. Walinisikiliza kwa heshima, kisha mmoja akaniuliza, "Sasa Koko, kama haina kashe, ilitoka Bulaya mpaka hapa namna gani?"

Koko ndilo jina wanaloniitia, yaani bibi. Nilikwisha kulizoea.

Mtoto niliyemtaja alivuka wakati wa vita, miaka mitatu iliyopita. Watu walikuwa wakishuka kutoka Bukavu na magodoro vichwani, na mwanamke mmoja alimkuta amesimama peke yake upande ule wa daraja, akamshika mkono ili asikanyagwe. Parokia ilikuwa imejaa, akamleta kwangu, akaenda zake kutafuta watu wake. Mtoto alikuwa na umri wa miaka mitatu, labda. Hakusema jina lake. Hakusema chochote. Tulimwita Furaha, jina ambalo siku ile lilikuwa kama kumdhihaki.

Alikaa kwangu miezi mingi bila kutoa neno. Alikula, alioga, alilala amenishika nguo. Jumamosi aliketi nyuma ya wenzake, mgongo ukutani, ili asiwe na mtu nyuma yake.

Siku niliyowasomea kitabu cha mbuzi kwa mara ya kwanza, nilifika ule ukurasa mtupu nikakwama, kwa kuwa hapakuwa na cha kusoma. Ikabidi niulize: kwa nini mbuzi ameshuka? Wakaanza kubishana. Huyu akasema baridi. Yule akasema ameogopa polisi. "Mbuzi haiogopake polisi, weye ndiyo unaogopaka!" Vurugu tupu. Kisha sauti ndogo, kavu kama ya mtu aliyeamka sasa hivi, ikatoka ukutani:

"Iko na njala."

Wote waligeuka. Mimi huwasahihisha watoto wote, na wazazi wao pia. Siku hiyo sikumsahihisha mtu. Niliinuka nikaenda jikoni kumpakulia maharagwe, nikasimama kule kwa muda mrefu kuliko maharagwe yalivyohitaji.

Ndiyo maana mtu akiniandikia kuniuliza ni vitabu gani awasomee wadogo, ninamwambia atafute kile kinachomwachia mtoto nafasi ya kuingia. Asisome haraka. Akishike kifuani pake, usawa wa macho yao, na amwache mtoto afunue ukurasa mwenyewe. Wale waliotoa muhuri, nadhani, waliliona hilo kabla yangu.

Baada ya pale alianza kuzungumza, na hakunyamaza tena. Alinifuata jikoni, sokoni, kanisani. Kila aliyekikosea kitabu alimsuta kwa sauti yangu mimi. Nilizoea kuamka na kumsikia akiwasomea kuku.

Nilifikiri itakuwa hivyo.

Kisha baba yake akapatikana. Kuna watu wanaozunguka na picha za watoto waliopotezana na jamaa zao. Walimpiga Furaha picha nami sikukataa, ingawa moyoni niliomba isitoke vizuri. Baba aliiona imebandikwa kwenye zahanati, kule milimani nyuma ya Bukavu. Anaitwa Papa Murhula, mfyatua matofali, mwembamba, mikono yake imepasuka kwa udongo. Mkewe alikufa katika vita vilevile. Aliketi kwenye ncha ya kiti nilichompa, akanieleza kuhusu kovu la uji wa moto chini ya kwapa la kushoto, ambalo hakuna aliyelijua isipokuwa mimi ninayemwogesha.

"Jina yake ni Nsimire," alisema. "Kwa Mashi, luga yetu, ni kusema mutu anashukuru."

Mtoto alikuwa amejificha nyuma ya kiti changu. Jina halikumtikisa.

Nilimwambia baba yule, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kwa wakaguzi wa shule, kwamba mtoto habebwi kama gunia. Aje kwanza, azoeleke. Akanijibu, "Ni vile, Mwalimu. Nitakuya." Nami nilitumaini, na hili ndilo ungamo langu la leo, kwamba umbali na gharama vitamchosha.

Alikuja kila Jumamosi.

Siku ya kwanza hakujua akae wapi, akaketi mkekani katikati ya watoto, magoti yamefika masikioni. Mama Hadija, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, alimwona akapaza sauti, "Mwalimu! Leo umeandikisha mwanafunzi mwenye ndevu!" Watoto walicheka mpaka wakaanguka. Papa Murhula naye akacheka, akajibu, "Maman, huyu mwanafunzi atarudia darasa, usiogope."

Furaha hakucheka. Alikuwa ukutani tena.

Jumamosi moja Papa Murhula aliniomba akishike yeye kitabu cha mbuzi. Hajui kusoma, na hakuwahi kushika kitabu mikononi, kwa hiyo alikifungulia nyuma. Akaanzia kwenye ule ukurasa wa giza. Watoto walipiga kelele, "Papa, unaanzia ku mwisho!" lakini yeye alikuwa amekwisha kuanza, na hakuwa mtu wa kukatiza hadithi. Alitusimulia habari za mbuzi aliyekuwa peke yake gizani, watu wote wamelala, hajui aende wapi. Akapanda juu ya paa ili aone mbali. Asubuhi watu wakatoka. Wakaja na ngoma, wakaja na kamba, wakaja na ngazi, wote wanamwita. Na alipofunua ukurasa wa mwisho wake, ambao ni wa kwanza wangu, mbuzi alikuwa uani, mchana kweupe, na mkono wa mwenyewe uko shingoni mwake.

"Banamupata," alisema, akafunga kitabu.

Nimekisoma kitabu hicho mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka na sikuwahi kuiona hadithi hiyo ndani yake. Nilichukia jinsi ilivyokuwa nzuri.

Furaha alitoka ukutani. Alivuka mkeka, akasimama mbele ya baba yake, mikono kiunoni, akamwambia kwa sauti yangu: "Kitabu kinaanzia hapa. Kaa wima. Na usilambe kidole ukifunua."

"Unisamehe, Mwalimu mudogo," akasema yeye. "Nionyeshe."

Mtoto akaketi kando yake kumwonyesha. Kisha, alipomaliza, akamwambia arudie ile ya kwake.

Jioni hiyo Mama Hadija aliniletea chapati, akaniangalia, akaniuliza kama wivu unaniuma tumboni au kichwani. Nilimwambia sina wivu. "Aa," alisema, "basi kula."

Kila Jumamosi tulimsindikiza baba mpaka darajani, mtoto na mimi. Na kila mara mimi nilisimama kabla ya kizuizi, karibu na mwanamke anayeuza ndizi mbivu, nikawatazama wakiagana mbele kidogo. Mtoto alitambua. Aliwahi kuniuliza kwa nini sisogei. Nilimjibu kwamba ninapumzika.

Ukweli ni kwamba vita vya kwanza vilipoanza kule Bukavu, miaka mingi kabla ya Furaha kuzaliwa, mume wangu aliniambia nitangulie kuvuka, yeye afunge nyumba anifuate. Nilimsubiri upande huu wa daraja. Sijui niandike "marehemu" au niache. Sikumzika, na hakuna aliyeniambia. Tangu siku ile sijavuka. Hati ya kuvukia ninayo, imo kabatini, imepigwa muhuri, si ya bandia. Miguu ndiyo haiendi.

Sikumweleza mtoto hayo. Ana miaka sita.

Leo asubuhi baba alikuja mapema, kabla ya mvua kukatika, na shati safi. Karatasi za mtoto zilikuwa tayari. Nilikuwa nimemsuka, nimemkatia kucha, nimemfungia nguo zake, na juu ya furushi nikaweka kitabu cha mbuzi. Papa Murhula alisita. "Mwalimu, hii si ni ya batoto bote?" Nikamwambia ni amri.

Tulishuka polepole. Njia ilikuwa inateleza, na mtoto alikuwa katikati, mkono mmoja kwangu, mkono mmoja kwa baba yake. Alizungumza njia nzima. Aliuliza kama huko kuna kuku. Baba akasema wapo. Akauliza kama wanajua kusikiliza. Baba akasema, "Bale ni bakaidi kidogo. Utabafundisha."

Karibu na mwuza ndizi nikasimama.

Mtoto aliniachia mkono. Nilidhani anakwenda, nikajikaza. Badala yake alifungua ngumi ya mkono wa pili, ambayo sasa nilikumbuka kwamba aliikunja tangu tulipopita kanisani na baba yake akawa anamshika kifundo tu. Ndani yake mlikuwa na ule muhuri wa dhahabu. Alikuwa ameubandua kwenye jalada.

"Koko, minajua sababu gani unasimamaka hapa," aliniambia. "Hauna kashe."

Akakichukua kiganja changu akaubandika. Haukushika, gundi ilikuwa ya zamani. Akaulamba, akaubandika tena, akaukandamiza kwa vidole vyake vyote viwili vya gumba, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama anapojifunza kuandika.

Baba yake alitaka kumkemea. Nikamwonyesha kwa macho anyamaze.

"Na kitabu?" nilimwuliza, maana ilibidi niseme kitu. "Sasa kitabu hakina."

Akanivuta nikainama. Alinong'ona, ili afisa asisikie: "Papa ataificha mu shati."

Kisha akanivuta mpaka kwenye kizuizi, kwa afisa kijana aliyekuwa akikagua karatasi za wanawake wenye vikapu. Alinigeuza kiganja juu. "Afande, angalia. Huyu Koko iko na kashe sasa. Siku atakuya, umuache apite."

Yule kijana alinitazama mimi kwanza. Sijui aliona nini. Akaishusha kalamu, akaukamata mkono wangu kwa adabu, akausoma ule muhuri kuzunguka ukingo wake wote, neno kwa neno, kama anavyosoma karatasi za watu wazima.

"Nimeiona," alimwambia mtoto. "Na hii haina tarehe ya mwisho. Atapita."

Wanawake wenye vikapu walikuwa wamesogea kunipisha.

Nilipaswa kumwambia mtoto kwamba karatasi ninayo. Nilipaswa kumweleza kwamba mtu anaweza kuwa na kila karatasi duniani na bado asivuke. Nimewasahihisha watu maisha yangu yote. Niliinama nikamfunga kifungo cha shingoni, nikamwambia asante, Nsimire.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita hivyo. Alitabasamu kana kwamba nimepata jibu sahihi baada ya kukosea muda mrefu.

Wakaenda. Baba alikuwa amevimba upande mmoja wa shati, pembe ya kitabu inaonekana wazi, na afisa akaangalia mbinguni. Walipofika mwanzo wa daraja mtoto aligeuka akanipungia, si kwa huzuni, kwa haraka tu, kama mtu aliyesahau kuaga darasani. Kisha akageuka tena, na baba yake alikuwa akimweleza kitu, na hakutazama nyuma.

Nilirudi kwa miguu. Saa ya watoto ilipofika nikawaambia leo hakuna kusoma. Hawakubisha. Walikaa barazani hata hivyo, wakapanga vitabu, na hakuna aliyejifanya afisa. Mama Hadija alifunga cherehani yake mchana, jambo asilolifanya, akaja kukaa na mimi, na kwa mwanamke yule hilo ni zawadi kubwa.

Sasa wa dukani ananiangalia kwa sababu nimekaa muda mrefu bila kugusa mashine. Ninajua kwamba mtoto yuko kwa baba yake, na kwamba hilo ndilo jambo la haki. Nimelisema kwa sauti mara kadhaa njiani. Ni sentensi iliyo kamili, ina kiima na kiarifu, na hainisaidii.

Anaamini nitakuja. Anaamini kilichokuwa kimebaki ni karatasi tu, na karatasi amenipa. Atawaambia kuku wake. Kila Jumamosi atamwuliza baba yake, na baba yake ni mtu mwema, atatafuta la kusema, na siku moja atakosa.

Jumatatu nitaitoa hati yangu kabatini. Siahidi kuvuka, nimezeeka mno kuahidi nisichokijua. Nitampita mwuza ndizi, nitafika kwenye kizuizi, na nitakwenda hadi pale mwanzoni mwa daraja alipogeuka kunipungia. Si mbali na pale ninaposimama siku zote. Nitasimama hapo, nitazame upande ule, nione kama miguu itaniambia kitu.

Nikiweza hapo, nitaweza hatua moja tena?